Heshima Yetu Msumbiji Isiishie Mto Ruvuma

Julai 2004, Joaquim Chissano alisimama mbele ya marais wenzake wa Umoja wa Afrika mjini Addis Ababa akahutubia kwa Kiswahili, na wakalimani hawakuwa wamejiandaa. Kiswahili hicho Rais huyo wa Msumbiji hakukipata kwa hisani ya kituo cha utamaduni. Aliishi Dar es Salaam miaka ya kupigania uhuru.

Kwangu mimi, Tanzania haijawahi kuwa na ushawishi mkubwa kuliko ule. FRELIMO, chama kilichopigania uhuru wa Msumbiji, kilizaliwa Dar es Salaam tarehe 25 Juni 1962. Wapiganaji wake walipata kambi Nachingwea, kusini mwa nchi yetu, vijana wakasoma Kurasini, Dar es Salaam, watoto Tunduru. Filipe Nyusi, aliyekuja kuwa rais, alisoma huko Tunduru. Redio yetu iliwapa nafasi ya kusema na ndugu zao ng'ambo ya Mto Ruvuma, mpaka wetu na Msumbiji. Tulikuwa maskini, tena tulijitia kwenye ugomvi na Ureno, iliyokuwa ikiwatawala. Mtu aliyehifadhiwa namna ile hasahau.

Lakini wajukuu wao wanatujuaje? Oktoba 2017 wanamgambo walianza mashambulizi Mocímboa da Praia, jimboni Cabo Delgado, linalopakana na Mtwara. Wamakonde wapo kila upande wa Ruvuma, na Kimwani cha pwani ile ni ndugu wa Kiswahili. Hakuna taifa lililokuwa karibu na watu wale kuliko sisi. Hata hivyo, mwaka 2021 shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa, UNHCR, lilisema hadharani kwamba maelfu waliovuka kukimbia vita walirudishwa kutoka Tanzania.

Hofu ya usalama naielewa. Kijiji cha Kitaya, upande wetu, kilishambuliwa Oktoba 2020 na watu wakauawa. Ila mama mwenye mtoto mgongoni anaweza kuhojiwa na kupewa hifadhi. Kumrudisha kwenye risasi ni kufuta kwa siku moja kazi ya miaka mingi.

Mwaka 2021 Rwanda ilipeleka wanajeshi Cabo Delgado, na Kiswahili kikawasaidia kuelewana na wanakijiji. Sisi nasi tulipeleka askari kupitia SADC, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika, na hilo ni jema. Lakini inaniuma kwamba Rwanda, isiyopakana hata na Msumbiji, inajenga urafiki kwa lugha ambayo sisi kila tarehe 7 Julai, Siku ya Kiswahili Duniani, tunajivunia kuwa kitovu chake.

Serikali ianzie Mtwara. Waliokimbia vita wapokelewe na kuchunguzwa kwa utu. Vijana wa Mueda na Palma, huko Cabo Delgado, wapewe nafasi za masomo katika vyuo vyetu vya kusini, kama wazee wao walivyopewa Kurasini. Redio zetu ziwe na vipindi vyao, vinavyosikika hadi Pemba ya kwao, mji mkuu wa Cabo Delgado. Chissano ameshapita miaka 80, na wanaokumbuka Nachingwea wanazidi kupungua kila mwaka.