India: Aliyehini Amana Ashtakiwe au Adaiwe?

Agosti 2024 Mahakama ya Juu ya India ilifuta kesi ya jinai dhidi ya klabu ya mbio za farasi ya Delhi. Muuza chakula cha farasi alikuwa akiidai zaidi ya rupia laki 9, na hakimu akawaita wahusika wajibu shtaka la kuhini amana, yaani kuila mali uliyokabidhiwa uitunze. Majaji walikataa. Nafaka ikishauzwa ni mali ya mnunuzi, na mtu hahini kilicho chake. Kilichobaki ni deni, na deni lina mahakama yake ya madai.

Wapo wanaotaka shtaka hili libanwe zaidi ya hapo, na wana hoja. Polisi wanaweza kumkamata mshukiwa bila hati ya mahakama, na dhamana si haki yake ya moja kwa moja. Mfanyabiashara aliyechoka kusubiri kesi ya madai anajua hivyo. Anafungua jalada la jinai, mwenzake analipa kwa kuogopa mahabusu. Mahakama hiyohiyo ililalamikia mtindo huu tangu 2006.

Lakini tumtazame bibi harusi wa Kihindu aliyefika ukweni na mikufu, bangili na hereni, akamkabidhi mama mkwe aziweke kabatini. Ndoa ikivunjika anatoka na nguo alizovaa. Vitu hivyo ni stridhan, mali yake peke yake. Mahakama Kuu ya Punjab na Haryana iliwahi kuona kwamba vikishaingia nyumba ya ndoa, kuvidai ni suala la madai. Mwaka 1985, katika kesi ya Pratibha Rani, majaji wawili dhidi ya mmoja wa Mahakama ya Juu waliupindua msimamo huo: mume na wakwe ni watunzaji tu, na wakikatalia wanaweza kushtakiwa.

Kwangu mimi uzito hauko kwenye kifungo, uko kwenye upekuzi. Dhahabu haikai na sura yake. Sonara akiiyeyusha asubuhi, jioni ni bangili nyingine mkononi mwa mtu mwingine, na mwenyewe hawezi tena kuitambua. Zuio la mahakama ya madai linaweza kumkataza mkwe asiiuze; asipotii, mke atajuaje? Askari mwenye hati ya upekuzi na orodha ya vitu anafungua kabati siku hiyohiyo.

Mfanyakazi naye yumo. Mwajiri akikata mchango wa akiba ya uzeeni kwenye mshahara asiufikishe kwenye mfuko, sheria inamhesabu kuwa alikabidhiwa fedha hizo. Sheria mpya ya makosa ya jinai, iliyoanza Julai 1, 2024, imelibakiza hilo na kupandisha kifungo cha juu cha kosa la kawaida la kuhini amana kutoka miaka 3 hadi 5.

Mdhamini, yaani aliyekabidhiwa mali aitunze kwa faida ya mwingine, akiipoteza kwa uzembe, bila nia ya kuila, jela haimfai. Sheria ya Amana ya 1882 inamtaka afidie hasara, na inatosha.

Hukumu ya 2024 haimgusi mke wala mfanyakazi huyo. Ilihusu mali iliyouzwa, na dhahabu ile haikuuzwa. Wakili akiitumia kuwatetea wakwe waliokalia bangili za mkaza mwana wao, hakimu na amtake aonyeshe walizinunua lini, na kwa bei gani.