Boti, Nguru na Mama Mkwe

Najua video ya boti yangu mmeshaiona. Shemeji yangu kaitupa kwenye grupu la ukoo mimi nikiwa bado na mchanga masikioni, eti "nahodha analia". Sikulia. Yale yalikuwa maji ya chumvi. Sasa nisikilizeni mimi mwenye boti.

Wa siku nyingi humu mnaikumbuka: boti ya mbao niliyoinunua Rufiji baada ya mafuriko ya Aprili 2024, imeegama kwenye mwembe kama ng'ombe anayejikuna. Nikamwuliza muuzaji, haijaharibika? Akanitazama kwa huruma. "Bwana, chombo kuingia maji ni kosa? Kazi yake ndiyo hiyo." Nikatoa laki tisa. (Nina digrii. Msiniulize ya nini.)

Kuileta Kunduchi kwa Fuso, hela. Mataruma mawili, yaani mbavu za boti, yameozea kwenye tope, hela. Mbao za juu jua limezikausha zikaachana, ukikaa ndani unamwona anayepita nje. Fundi mashine kafungua oili, imeingia maji, ikatoka nyeupe kama chai ya maziwa. Nusura niulize iliki.

Fundi wa boti ni mzee wa Kipemba. Anasokota pamba, anaipigilia kwenye mwanya, anapaka mafuta, haongei. Miezi minne ya kalafati! Jumamosi usiku akapiga simu: "Kesho twashusha. Tundu nimeliacha wazi maji ya mvua yatoke. Usisahau nguruzi. Bila nguruzi hatwendi."

Mimi mtoto wa Sinza nikajua hiyo ni ada ya fundi. Alfajiri niko Feri, soko la samaki, nikanunua nguru wa kilo nne.

Ufukweni akaniuliza, "Nguruzi tayari?"

"Tayari mzee, tena kubwa!"

"Ukubwa si hoja. Ienee tundu tu."

Nikacheka. Nilidhani Wapemba tumbo wanaliita hivyo.

Mama mkwe akakaa katikati, hotipoti la pilau mapajani. Shemeji akabaki nchi kavu, eti arekodi. (Yule mtu ana akili, tumwache tu.) Vijana wakasukuma, vigelegele, boti ikaelea. Nikakunja mikono kifuani.

Kandambili ya kushoto ya mama mkwe ikapita mbele yangu. Taratibu, haina haraka, inaelekea nyuma. Nikaitazama. Akili haikusema maji, akili ilisema kandambili inatembea. Ikafuata ya kulia. Mbao za sakafu zikaanza kuinuka moja moja kama watu wanaoitwa majina. Mama mkwe akapandisha hotipoti hadi kifuani, akaniambia kwa upole, "Baba, mbona miguu yangu inaoga?"

Fundi naye kule ufukweni kaona nyuma ya boti inadidimia. Akaweka mikono mdomoni: "Nguruziii! Tia nguruziii!"

Ndugu zangu, hapo ndipo nilipofungua ndoo ya barafu, nikamshika nguru mkia, nikamwinua juu kwa mikono miwili, ufuko wote umwone.

"Huyu hapa mzeee!"

Fundi akakaa chini kwenye mchanga. Akashika kichwa.

Nguruzi ni kizibo. Kipande cha mti, ukubwa wa gunzi la mahindi, cha kuziba lile tundu la chini la kutolea maji. Mnaojua mlikuwa wapi Jumamosi usiku?

Maji yalikuwa ya kiuno, tukatembea hadi nchi kavu, vijana wakaivuta boti, mashine imekunywa chai tena. Fundi kachonga nguruzi dakika tano, bure, bila kuniangalia usoni. Pilau ilipona, nguru tumemla. Mama mkwe ananisemesha kupitia kwa mke wangu tu, na ujumbe ni ule ule: kandambili ya kulia iko wapi.

Na wewe uliyeniita "nahodha wa kitoweo", jina lako nimeliona.