Kompyuta ya Hajati Haikuwa na Ugonjwa

Kwa kuwa fundi mwenzangu ameshaitangaza habari ya aibu yangu dukani kwa Hajati kwenye magrupu yote, tena kwa chumvi nyingi (sikupiga magoti, nilichuchumaa tu), acheni niisimulie mwenyewe.

Mradi mnaujua: MPLS (mbinu ya kupitisha data kwa kuibandika lebo za njia) isiishie kwenye ruta kubwa, mitambo inayoelekeza data, za Kampala, ishuke hadi minara ya huku Busia, mteja apate njia moja ya lebo mwanzo hadi mwisho. Wa kwanza akawa Hajati wa duka la jumla, mwenye stoo Kikuubo, kule Kampala. Bosi wangu akaja amevaa tai. Busia, jua la saa saba, tai!

Nikapiga ping, ile ya kujaribu kama upande wa pili unajibu. Majibu yakatiririka. Nikageuka kwa madaha: "Mama, laini hii ni moto. Fungua daftari lako la stoo."

Akabonyeza. Ukurasa mweupe. Kijiduara kikaanza kuzunguka. Bosi akasogea. Kijiduara kikazunguka. Mpagazi akatua gunia la sukari ili aone vizuri. Kijiduara, jamani, kinazunguka tu! Nikapiga ping tena: majibu tele. Hapo ndipo ulimi uliponiponyoka: "Mama, shida ni kompyuta yako. Imezeeka."

Hajati hakunijibu. Akainama polepole, akachomoa waya wangu, akachomeka ule wa laini yake ya zamani, ile niliyoshinda asubuhi nzima nikiiponda. Daftari likafunguka kabla hajainuka.

"Mwanangu," akasema, "mbona mzee amepona?"

Mpagazi alicheka mpaka akaikalia sukari ya watu.

Nyie wa mitandao mmeshajua, msijifanye. Ping ya kawaida ni kipakiti (kifurushi cha data) kidogo, hupita popote. Lakini pakiti ya baiti 1500 kwenye njia ile hubebwa pamoja na kichwa chake cha Etheneti (maelezo ya mbele ya kutoka wapi na kwenda wapi), baiti 14, kisha hubandikwa lebo mbili za baiti 4 kila moja. Hiyo ni 1522. Redio ya mnarani, kile kifaa cha kurusha data hewani, ilivyotoka kiwandani, ilikuwa inakubali mwisho baiti 1500 tu. Pakiti kubwa zikawa zinagota kama mtu mwenye gunia kichwani kwenye mlango mfupi, zinadondoka, na Hajati hapati hata ujumbe wa kosa.

Tukapandisha kipimo cha pakiti ambacho redio inakubali, daftari likafunguka, bosi akaondoka bila kuniaga. Hajati ameshalipia mwezi wa kwanza. Ila ile laini ya zamani amekataa katakata isikatwe.