Maziwa ya siku ya tatu

Ultrasaundi ikionyesha kwamba fuvu la mtoto halikufunga juu na ubongo haukukua, habishani mtu kama atapona. Akizaliwa hai, mara nyingi ni saa au siku chache. Kinachobishaniwa katika wodi za Mwanza ni kama kumpangia tiba shufaa, yaani huduma ya kupunguza mateso pale pasipo na uponyaji, ni kumhudumia au kumkatia tamaa.

Wanaoitilia shaka wana hoja. Kasoro nyingine hutambuliwa kwa picha tu, bila kipimo cha vinasaba, na wapo watoto wenye kromosomu ya 18 tatu badala ya mbili wanaovuka mwaka. Kichwa maji na mgongo wazi vina upasuaji, hivyo havimo kabisa katika mjadala huu. Tena pasipo na mashine za kutosha, "shufaa" inaweza kugeuka jina la heshima la kutofanya kitu. Basi iandikwe kwenye faili: utambuzi ulifikiwaje, nani alikubaliana na nani, mpango utapitiwa lini.

Ila anayedhani hapo hakuna kazi hajaifanya. Kidonda cha kichwa hufunikwa kwa kitambaa cha gozi chenye vaselini kisigande, kisha kofia, kisha mtoto kifuani kwa mama, ngozi kwa ngozi, ndani ya kitenge. Hata asiyeweza kunyonya hupakwa matone ya dang'a, maziwa ya kwanza ya mama, mdomoni. Paji likikunjamana na ngumi zikikaza, morfini ya maji, dawa kali ya maumivu, hupimwa kwa uzito wa mtoto. Na wazazi waambiwe mapema kuhusu pumzi za mwisho, zinazokatika kisha kurudi ghafla kama kwikwi. Asiyeambiwa huamini mwanawe alikabwa.

Halafu maziwa. Hapa ndipo hata wodi nzuri huteleza. Mama wa Ukerewe anapanda kivuko cha Nansio mikono mitupu, na siku ya tatu matiti yanajaa kana kwamba mtoto yupo. Shangazi anamfunga kifua kwa khanga, kwa nguvu na kwa upendo. Maziwa yanaganda, homa inapanda, jipu linatunga. Zahanati ya kijijini imeletewa karatasi inayosema tu mtoto amefariki. Dakika kumi kabla ya ruhusa zingetosha: sidiria inayoshika bila kukaba, kitambaa cha maji baridi, parasetamo, na kukamua kidogo tu kupunguza mkazo, kwani titi likikamuliwa likaisha hutengeneza mengine. Kidonge cha kabagolini, mg 1, mara moja ndani ya siku ya kwanza, huzuia maziwa yasitoke, ila si kwa mwenye presha ya ujauzito. Na kama walikuwa pacha, Doto amekwenda na Kulwa yupo, kidonge hicho kisiguswe.

Asiyenyonyesha anaweza kushika mimba kabla ya wiki ya sita, mara nyingi kabla hata hedhi haijarudi, kwa hiyo uzazi wa mpango uzungumzwe palepale. Akiwa tayari kujaribu tena baada ya mtoto ambaye fuvu halikufunga, asidi ya foliki ya mg 0.4 haimtoshi: aanze mg 5 kila siku, mwezi mmodi hadi mitatu kabla ya mimba, mpaka wiki ya 12.