Waziri na Sentimita 35 za Maji

Kwanza niwatoe wasiwasi wafanyakazi wenzangu: sijawahi kupasuliwa. Ile Jumatatu niliyoandika kwenye kundi letu la WhatsApp kwamba nachelewa kwa sababu "jana nilikwenda matiti dakika arobaini, kifua na mapaja vyote vinauma", nilikuwa nazungumzia farasi. Kwetu Lamu mnyama akikimbia polepole kwa kudundadunda anakwenda matiti, akifyatuka anapiga shoti. Ni Kiswahili safi, kimo kwenye kamusi. Lakini ofisi iko Nairobi, na kufika saa nne mhasibu mkuu alikuwa ameshafungua mchango, watu wametuma shilingi 4,500, na mtu ameniletea uji wa wimbi kwenye chupa ya chai. Uji niliunywa. Hela nilirudisha.

Mimi ni karani wa mishahara. Siku tano naandika makato ya watu, Jumamosi na Jumapili napanda farasi, na Jumatatu nakaa juu ya mto wa pamba. Utotoni nilikuwa nampanda punda wa kaka yangu kisirisiri, nje ya mji, kwa kuwa mtoto wa kike kuonekana juu ya punda ilikuwa kesi. Basi nikaja bara na kiburi changu: mtu aliyewahi kumgeuza punda wa Lamu kwenye kichochoro chenye upana wa mlango, atashindwa na farasi?

Farasi mwenyewe ni mstaafu wa uwanja wa mbio wa Ngong. Jina lake la kwenye vitabu ni la Kizungu, refu kama treni. Bandani anaitwa Waziri, kwa kuwa anakula sana, hafanyi asilotaka, na popote aendapo lazima mtu atangulie kumsafishia njia. Nilimpata kwa bei ya pikipiki iliyotumika, na mwisho wa mwezi, nikilipia majani, lusani na fundi wa kwato, huwa naiwaza sana ile pikipiki.

Mwaka huo nikajitia kimbelembele, nikasema msimu ukifunguliwa tutaingia iventingi. Huo ni mchezo wenye asili ya jeshini, wa kumpima farasi wa askari mara tatu. Kwanza madaha: unamtembeza kwa nidhamu ndani ya uwanja wa mita 20 kwa 40, mbele ya mwamuzi asiyecheka, ukizunguka herufi ambazo ukimwonyesha mtoto wa chekechea atalia: A, K, E, H, C, M, B, F. Halafu mbio za nyika, za kuruka magogo na mitaro na kuingia majini. Halafu viunzi vinavyoanguka ukivigusa. Kwenye Olimpiki ulianza 1912 kule Stockholm, na sisi wanawake hatukuruhusiwa mpaka 1964 huko Tokyo. Zamani jambo hilo liliniudhi. Siku hizi naona pengine walikuwa wakituhurumia.

Tulianza maandalizi kama vitabu vinavyotaka: wiki za kutembea tu ili miguu yake ikomae, kisha matiti (ndipo ukaja ule mchango), kisha shoti fupi fupi zenye mapumziko. Kumwendesha hakukuwa kazi. Kazi ilikuwa kumsimamisha. Farasi wa mbio amefundishwa kwamba mpanda akikaza hatamu, yeye aegemee lijamu, kile chuma cha mdomoni, na kuongeza moto. Kwa hiyo mimi nikivuta kusema "simama", Waziri anasikia "ongeza". Wiki mbili nzima tulibishana hivyo, mimi nikivuta, yeye akitii, mpaka saisi wetu, yaani mtunza farasi, mzee aliyekaa nao miaka kuliko umri wangu, akanionea huruma.

"Madam, mwachilie. Ukimnyima mtu wa kushindana naye, atachoka peke yake."

Nikalegeza. Akasimama. Mzee akaenda zake kunywa chai kana kwamba hakunifundisha kitu.

Balaa letu lilikuwa maji. Waziri aliogopa maji yoyote yasiyokuwa ndani ya ndoo. Akiona dimbwi la ukubwa wa sinia, anasimama, anafura pua, anatoa mlio kama mtu anayefungua soda, kisha anapita pembeni kwa adabu zote. Kumbuka farasi hajui kina cha maji kwa kuyatazama. Kwake yeye dimbwi lile linaweza kuwa lango la ahera. Na kwenye mbio za nyika maji hayakwepeki. Kina chake kwa kanuni hakizidi sentimita 35. Beseni la mama yangu la kufulia mablanketi linakaribia hapo.

Wiki tatu tulimbembeleza. Mzee alitangulia na gambuti zake na karai la pumba, akirudi kinyumenyume katikati ya bwawa la mazoezi kama mtu anayemwita kuku. Siku ya kwanza Waziri alinyoosha shingo mpaka nikadhani itakatika, akala pumba yote, kwato zote nne zikiwa nchi kavu. Siku ya tano aliloweka mguu mmoja. Wiki ya tatu akaingia mwenyewe, akasimama katikati, akainua mguu wa mbele na kuanza kuyachapa maji, chwa! chwa! chwa!, mpaka tukaloa wote.

Mimi nikampigapiga shingoni. "Maashallah, baba! Mzee, tazama anavyocheza!"

Mzee hakucheka. "Hachezi huyo. Anatandika kitanda. Akianza hivyo usimwangalie, mchape atoke."

Nikamwona mzee mkorofi. Mnyama ameogopa maji maisha yake yote, leo anafurahi, nimchape?

Jumapili ya mazoezi ya kufungua msimu ikafika. Ilikuwa kwenye shamba moja huko Lang'ata. Nilivaa suruali nyeupe, mtandio chini ya kofia ngumu, na fulana nene ya kukinga mbavu inayomfanya mtu afanane na godoro lililofungwa kwa safari. Tandiko langu lilikuwa limekatika mkanda, kwa hiyo niliazima la mama mmoja wa pale bandani, la ngozi, la Ulaya, lenye thamani kuliko gari langu. Naye alikuja kutazama. Binamu yangu naye alikuja, na simu, kurekodi video ya kuwatumia Lamu.

Madaha yalipita. Sitaki kuyazungumzia.

Kwenye mbio za nyika Waziri alikuwa mwingine kabisa. Gogo la kwanza, hop. Mtaro, hop. Lile la matairi aliloliogopa wiki iliyopita hakulitazama hata mara mbili. Kufika namba 6 nilikuwa nimeanza kujiuliza medali hutundikwa sebuleni au chumbani. Namba 7 ndiyo maji: unateremka mteremko mdogo, unaingia, unavuka, unaruka gogo upande wa pili. Watu walikuwa wamejipanga kwenye kingo, kwa sababu watazamaji wa mchezo huu, wakatae wasikatae, hukaa palipo na uwezekano wa mtu kulowa.

Waziri akateremka bila kusita. Akaingia. Watu wakapiga makofi. Katikati akapunguza mwendo, akasimama, akainua mguu. Chwa! Chwa! Wakacheka. Mimi, Mungu anisamehe, nikainua mkono nikampungia binamu kwenye kamera.

Ndipo nikamsikia mzee kutoka kingoni, kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake:

"Kiboko! Madam, kiboko! Kibokooo!"

Sasa tuelewane. Bara kiboko ni fimbo. Shuleni kwao walikula viboko. Nami nalijua hilo, nimekaa Nairobi miaka tisa. Lakini mtu akiwa ndani ya maji, akapigiwa kelele "kiboko!", akili haiendi bara. Yangu ilikwenda moja kwa moja Mto Tana, kwenye hadithi zote nilizosimuliwa utotoni. Na tulikuwa Lang'ata, jirani na Mbuga ya Taifa ya Nairobi, ambako viboko wenye miguu minne wapo kweli. Sikujiuliza kiboko wa tani moja na ushei atajificha vipi kwenye maji yasiyofika goti. Niliinama upande wa kulia kumtafuta. Nikainama upande wa kushoto. Fimbo yenyewe ilikuwa mkononi mwangu muda wote huo.

Na sikuwa peke yangu. Mama mmoja alimbeba mtoto wake kwapani kama mkungu wa ndizi, akatimua mbio hadi kwenye gari na kujifungia.

Nilipokuwa nakagua upande wa kushoto kwa mara ya pili, nikaona masikio ya Waziri yanashuka. Alikunja magoti ya mbele polepole, kama ngamia, kisha nyuma ikafuata. Akatoa pumzi ndefu, "mmmh", ile ya babu anapojilaza kwenye kitanda cha kamba baada ya swala ya Adhuhuri. Kilo kama 500 zikatua majini. Mimi sikuanguka, naomba hilo liingie kwenye kumbukumbu. Nilishushwa. Nilijikuta nimesimama, miguu huku na huku, maji yakiingia kwenye buti, na farasi amelala katikati yangu.

Kisha akaanza kujipindua ili apate mgongo.

"TANDIKO LANGU!" Sikuwa na haja ya kugeuka kuona ni nani.

Nikaruka pembeni. Mzee akaingia na gambuti zake, akanipokonya fimbo na kumchapa Waziri mara moja tu matakoni. Waziri akainuka kwa uso wa mtu aliyeamshwa kwa kosa la mwingine, akajikung'uta, na nusu ya bwawa ikahamia kwa mwamuzi wa namba 7, mama wa kujitolea aliyekuwa kwenye kiti cha kukunja na karatasi magotini.

Kanuni inasema farasi ameanguka pale bega na nyonga vinapogusa ardhi kwa wakati mmoja, na mpanda ameanguka akitengana na farasi wake kiasi cha kuhitaji kupanda upya. Mama yule akaipangusa karatasi kwa sketi, akaita kwenye redio.

"Namba 7 hapa. Farasi hajaanguka. Ameamua."

Redio ikanyamaza. Ikauliza mpanda yuko wapi. Akanitazama. "Amesimama. Hajaanguka naye. Ila hawako pamoja tena."

Wakasema nitoke. Kabla sijaondoka nilichungulia karatasi yake. Kwenye safu ya 7, palipotakiwa kuandikwa mara ngapi farasi amekataa, aliandika kwa penseli neno moja: "Amelala".

Jioni yote nilikaa na sabuni ya ngozi na kitambaa, nasugua tandiko la watu, mzee akiwa mlangoni anaswaki meno kwa mti bila kusema neno. Sketi ya yule mama na suruali yangu nitazieleza siku nyingine. Yule aliyejifungia kwenye gari ilibidi afuatwe na watu wawili, wampigie dirisha, wamwonyeshe fimbo.

Saa mbili usiku ikaingia sauti ya shangazi kutoka Lamu. Binamu alikuwa ameshatuma video.

"Mwanangu, nimeitizama mara tatu. Farasi mzuri, mashallah, kajilalia zake. Ila wewe nimekuona wainama huku, wainama kule, wayatizama maji. Umeangusha nini, pete?"