Miezi ya Kusubiri Kidato cha Tano

Nilipojaza fomu ya kuchagua tahasusi, yaani mchanganyiko wa masomo ya kidato cha tano, niliandika PCB (Fizikia, Kemia na Baiolojia) kwa sababu mbili: alama zangu za Baiolojia zilikuwa nzuri, na baba mdogo alikwisha kuanza kuniita daktari mbele ya wageni. Hospitalini nilikuwa sijawahi kuingia ila nikiwa na malaria. Ilinichukua miaka mingi kugundua kwamba ninachokipenda ni hesabu ya mali, yaani kujua kilichoingia, kilichotoka na kilichopotea katikati. Leo nasimamia ghala la vipuri vya malori jijini Dar es Salaam, kazi ambayo sikumbuki mwalimu yeyote kuitaja darasani.

Tangu mitaala mipya ilipoanza kutumika Januari 2024, elimu ya sekondari ina mikondo miwili, wa jumla na wa amali, yaani wa ufundi na stadi za kazi, na tahasusi za kidato cha tano zimeongezeka hadi 65. Naiunga mkono hatua hiyo. Hata hivyo, kila nikisikiliza mjadala wake nasikia habari za karakana, mashine na upungufu wa walimu wa ufundi, mambo ambayo ni ya kweli na yanahitaji fedha nyingi, huku jambo moja lisilohitaji jengo likiachwa pembeni: mwanafunzi kuionja kazi kabla ya kuichagua. Wingi wa tahasusi hauna faida kubwa kwa kijana ambaye, kati ya kazi zote zilizo nyuma ya herufi zile, ameziona tatu tu: ualimu, udaktari na upolisi.

Nafasi ya kumwonjesha tunayo, nayo imo katika kalenda. Kidato cha nne humaliza mtihani mwezi Novemba, na kidato cha tano huanza Julai. Katikati ya miezi hiyo matokeo hutoka, kisha wahitimu hupewa muda wa kubadilisha tahasusi katika mfumo wa mtandaoni uitwao Selform. Wakati huo wengi wako nyumbani, na wenye uwezo wamelipiwa tuisheni ya kuwahi masomo ya kidato cha tano. Wiki sita tu za kukaa mahali pa kazi, kabla ya dirisha la Selform kufunguliwa, zingemfanya kijana abadilishe au ashikilie chaguo lake kwa kitu alichokiona kwa macho yake.

Sizungumzii ziara ya siku moja ya kupiga picha. Ghalani kwetu fundi huja na beringi iliyolika, ameifunga katika kitambaa chenye grisi, na kazi ya kwanza ni kuifuta na kusoma namba iliyochongwa ubavuni. Namba ikiwa imefutika, inabidi umuulize ni gari gani, la mwaka gani, limewahi kubadilishwa ekseli au la, na uyaulize yote hayo bila kumfanya ajione mjinga, kwa sababu lori lake limekwama Chalinze na tajiri anampigia simu kila baada ya dakika tano. Nimepokea vijana wa mafunzo kwa vitendo walioweza kueleza hatua nne za injini bila kukosea, lakini mbele ya fundi huyo wakabaki kimya. Haikuwa kosa lao, kwani walikuwa hawajawahi kusimama upande ule wa kaunta.

Wazo la kuunganisha shule na kazi si geni kwetu. Mwalimu Nyerere alilieleza mwaka 1967 katika Elimu ya Kujitegemea, na baadaye shule zikawa na michepuo ya kilimo, biashara, ufundi na sayansikimu. Kwa maoni yangu, kilicholiumiza wazo lile ni kwamba katika shule nyingi jembe liligeuka kuwa adhabu ya aliyechelewa namba, na mtoto hawezi kuiheshimu kazi aliyoijua kama kiboko.

Hofu hiyohiyo ndiyo ninayoipata kwa wanaopinga pendekezo hili, na nakiri kwamba wana hoja. Kijana anaweza kupelekwa gereji akaishia kuosha magari na kutumwa chai, na binti anaweza kukutana na mabaya zaidi ya hayo. Sheria inaruhusu mtoto wa miaka 14 kufanya kazi nyepesi tu, na inakataza kazi hatarishi kwa aliye chini ya miaka 18, kwa hiyo lazima shule iandike atafanya nini, chini ya nani, na mwalimu apite kukagua bila kutoa taarifa. Vijijini, ambako watu husema hakuna waajiri, kuna kinu cha alizeti, chama cha msingi cha ushirika, duka la pembejeo na fundi ambaye VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, imekwisha kuurasimisha ujuzi wake alioupata mtaani. Huyo wa mwisho ni mwalimu mzuri ambaye hatujamwomba.

Nimezungumza na mwajiri wangu, naye amekubali tuwe na nafasi mbili kila Januari, moja ikiwa ya msichana. Watahesabu mali, watasoma namba za beringi na watakaa kaunta pamoja nami. Gari la bosi lina mwoshaji wake.