Wengi Wape, Lakini Magoli Yangu Mawili Sitoi

Jamani, kuna watu wameumbwa kwa ajili ya vikao. Ukiwatoa kwenye kamati ya harusi wanaingia vikoba, ukiwatoa vikoba wanaingia mkutano wa mtaa, na kote huko wakishachokwa wanakuja kumalizia kwenye grupu letu la eFootball. Mimi nilijiunga nicheze mpira wa simu nikishafunga duka. Nifungwe, ninune, nilale. Leo najua taratibu za mikutano kuliko mwenyekiti wetu wa mtaa, na posho sijaiona.

Ligi yetu haina bodi, haina refa, haina kamati ya nidhamu. Ina admini tu. Na admini huyo siku anaizindua alitangaza kwa voisi ndefu, jogoo akiwika kwa nyuma, kwamba yeye si dikteta: likitokea la kutokea tutakaa, tutajadili, tutafikia muafaka. Watu wakamwaga stika za makofi. Hakuna aliyeuliza kwamba watu wasioweza kukubaliana kama Messi ni bora kuliko Ronaldo huo muafaka wataufikia saa ngapi.

Zamani haikuwa hivi. Enzi za PES, gemu ya mpira iliyoitangulia eFootball, kwenye PlayStation 2, unalipa mia mbili kibandani, aliyefungwa anaachia pedi, mwingine anakaa. Mkibishana sana, mwenye kibanda alikuwa na muafaka wake: anazima tivii.

Sasa tumekuwa wastaarabu. Tulianza na Smart Assist. Kwa asiyeijua, Konami, waliotengeneza gemu, wameweka msaada ndani yake. Ukiuwasha, kompyuta inakushika mkono kwenye pasi, chenga na mashuti. Nusu ya grupu wakasema huo ni wizi mtupu. Nusu wakasema kama ni wizi mbona aliyetengeneza gemu ndiye aliyeuweka? Wiki nzima tunasomeshana. Mwisho tukafikia muafaka kwamba msaada uruhusiwe kwa wageni tu, wale wanaojifunza. Basi kesho yake grupu zima likawa geni. Hata yule jamaa anayejisifu kwamba amecheza PES kabla hajabalehe akaandika, "Mimi pia bado najifunza, elimu haina mwisho."

Hayo nilivumilia. Kilichonichosha ni mechi yangu na jamaa wa Mwanza.

Naongoza 2-1. Dakika ya 83. Mpira ninao mimi, nauzungusha pembeni kwa raha zangu, mara simu inaniandikia muunganisho umepotea. Nikaingia grupuni kwa upole kabisa kuomba pointi zangu tatu. Jamaa akaja na yake: mtandao ulimkatikia, si kosa lake, mechi irudiwe. Kabla sijajibu akaibuka Wakili. Huyu tunamwita Wakili lakini anauza mitumba. Akabandika Sheria ya 7 ya mpira wa miguu, kwamba mechi iliyovunjika inarudiwa, isipokuwa kanuni za mashindano au waandaaji waamue vinginevyo. Swali likawa, waandaaji ni nani? Admini akajibu neno moja lililoniharibia usiku wangu: "Sote."

Ikabidi ushahidi utolewe. Wa Mwanza akatuma skrinishoti kuonyesha gemu ilivyomtoa. Sasa grupuni kwetu kuna watu hawaangalii katikati ya picha, wanaangalia pembeni. Mmoja akakuza ile kona ya juu: chaji asilimia 1. Kumbe si mtandao, simu ilikuwa inakata roho! Hapo mjadala ukahama. Je, chaji kuisha ni uzembe au ni janga? Na umeme ukikatika mtaani? Na kama umeme upo ila luku imeisha? Na kama luku imeisha kwa sababu mpangaji mwenzako hachangii? Wapangaji wote wa grupu wakasimama kidete upande wa wa Mwanza, wenye nyumba wakaja upande wangu, na mechi yangu ikageuka kesi ya kodi za nyumba. Halafu mwingine akaona juu ya ile skrinishoti kuna ujumbe wa kukumbushwa mkopo. Akauliza, "Kumbe unakopa hadi huko, na ile elfu kumi na tano yangu?" Tukawaachia nafasi wamalizane. Hawakumalizana.

Admini akafungua kura ya WhatsApp, machaguo matatu: nipewe pointi, mechi irudiwe, tugawane. Akasahau kuzima kile kitufe kinachoruhusu mtu kuchagua zaidi ya jibu moja. Kuna mtu akachagua yote matatu. Kuulizwa, akasema yeye hapendi kumkwaza mtu. Na kura zenyewe si za siri, ukigusa unaona nani kapiga wapi, kwa hiyo kila mtu anasubiri kwanza aone upepo unavumia upande gani. Jirani yangu wa duka la pili, mtu ninayemwazima chaja kila siku, alinipigia kura mapema kabisa. Wa Mwanza akatangaza kwamba akija Dar mwezi ujao atabeba sato. Nikarudi kuangalia, kura ya jirani imehama. Sato! Wa kwenye barafu, wa kusafiri na basi toka Mwanza, anamshinda jirani mwenye chaja!

Waliopiga kura hawakufika kumi na tano kwenye grupu la watu zaidi ya sitini. Wakili akasema akidi haijatimia. Admini akasema kunyamaza ni kukubali. Kukubali lipi sasa, wakati umeweka machaguo matatu?

Akaingia kijana wetu wa chuo, huyu anacheza magemu mpaka ya Wazungu. Akatueleza kuna gemu inaitwa Old School RuneScape, ya kampuni ya Jagex kule Cambridge, Uingereza, ilitoka 2013. Kule wachezaji wenyewe wanapigia kura mambo mapya kabla hayajaingizwa kwenye gemu. Zamani jambo lilihitaji asilimia 75 ndipo lipite, mwaka 2022 wakashusha hadi 70. Akapendekeza na sisi tuweke 70. Wakili akaruka: mpira una wenyewe, na wenyewe ni IFAB, bodi inayotunga sheria za mpira, iliyoanzishwa 1886. Kule kuna kura nane tu, nne za FIFA, nyingine za England, Scotland, Wales na Ireland ya Kaskazini kila mmoja moja, na kubadili sheria unahitaji sita. Yaani kura nane zinaamua mpira wa dunia nzima, hadi huu wa watoto wetu wa mchangani, na wanamaliza wanaenda kula. Sisi mechi moja ya simu imetulaza macho.

Basi ikawa 70 au 75. Mtu akasema tupige kura. Kijana wa chuo akauliza, na hiyo kura ya kuchagua kiwango yenyewe ipite kwa kiwango gani? Grupu likawa kimya. Nikasema hapa tumepona, watu wamelala. Kuangalia juu, "anaandika..." Wakili huyo.

Hatimaye mzee wa Tanga, mtu mpole ambaye tangu ligi ianze yuko mkiani na hana kinyongo na yeyote, akaleta hoja: kwa nini mechi isiendelee pale pale ilipoishia? Dakika ya 83, 2-1, zichezwe dakika zilizobaki. Admini akaona hii ndiyo pa kutokea, akaiga Bunge: wanaoafiki waseme ndiyo kwa voisi. Zikamiminika. Ndiyo moja ilitoka ndani ya daladala, konda anaita Rangi Tatu kwa sauti kuliko mpiga kura. Wasioafiki waseme siyo. Nikasema siyo. Nikairudia, siyo. Admini: "Nafikiri walioafiki wameshinda."

Hakuna hata mmoja katika hao waheshimiwa aliyekumbuka kwamba gemu haianzii dakika ya 83. Inaanzia sifuri. Kikaitishwa kikao kidogo ndani ya kikao, wakaja na utaratibu: tuanze upya, tufungane kwa makubaliano mpaka iwe 2-1, tupasiane kistaarabu hadi ile dakika, ndipo mpira wa kweli uanze.

Tukaingia. Magoli yangu mawili nikapewa bila shida, mabeki wake wamesimama kama wanasubiri basi, naingia na mpira mpaka wavuni. Zamu yake, na mimi nikawaacha mabeki wangu walale. Akafunga. Vizuri, 2-1, napiga pasi za kistaarabu katikati kusubiri muda. Akauchukua mpira mguuni mwangu, akafunga la pili. Nikadhani kidole kimemteleza. Likaingia la tatu, na safari hii akaweka na shangilio, mchezaji anateleza kwa magoti mpaka kwenye kibendera. Kidole kilichoteleza hakishangilii.

Dakika ya 83 ikafika, matokeo 3-2, yake. Akaanza kurudisha mpira kwa kipa mpaka filimbi. Nilipolalamika akasema muafaka ulitaka mechi iendelee kama ilivyokuwa, na kama ilivyokuwa yeye alikuwa anatafuta goli. Wakili akasema kisheria hoja hiyo ina mashiko. Nikamuuliza Wakili kama na yeye ameahidiwa sato. Hakunijibu, akasema hilo liletwe kwenye mengineyo.

Watu wawili wakalefti. Mmoja akaadiwa tena kwa nguvu ili akidi itimie.

Sasa hivi ninapoandika, admini amefungua kura mpya: je, goli lililofungwa kabla ya dakika ya makubaliano ni goli? Safari hii amekumbuka kuzima kile kitufe, kila mtu jibu moja. Machaguo ni matano. La tano ameandika "Vyovyote", na ndilo linaloongoza.